Baba, Usilifukie Shimo la Gesi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imenifundisha kulala na soksi. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, macho yake yamepoa? Naomba barua hii iwakute wote salama hapo Kimandolu, na yule ng'ombe asiwe amempiga mtu teke tena.

Barua yako imenisononesha. Unasema migomba imekuwa ya njano tangu tujenge shimo la gesi, kwamba moto wa jikoni unakula nguvu yote ya samadi. Kwa hiyo tope linalotoka shimoni unalimwaga mtaroni, na kahawa ikishavunwa utalifukia shimo, Mama arudie kuni. Nilipofika hapo nililia, Baba. Nilimwona Mama akipuliza kuni mbichi, macho mekundu, akinidanganya eti ni mafua.

Sasa nikusimulie nilichokiona. Katika maabara ninamosoma tunafuga vijidudu vya aina ileile inayotengeneza gesi shimoni kwetu. Oksijeni tunayovuta sisi ni sumu kwavyo. Ikipenya kidogo tu, vinakufa. Mwalimu wangu, mama mmoja mpole asiyecheka ovyo, aliniagiza nivinyime naitrojeni yote ya kwenye chakula, ile iliyomo hata kwenye mbolea ya chumvichumvi, niviachie ya hewani peke yake. Nikadhani ananituma niviue kwa njaa.

Vilikaa kimya muda mrefu. Halafu asubuhi moja nikakuta maji ya chupa yamefanya ukungu. Vimezaliana! Nikapiga ukelele, "Ruwa!" Mwalimu akauliza hiyo ni kemikali gani. Nikamwambia kwetu ndilo jina la Mungu, na mara hii akacheka.

Baba, naitrojeni imejaa hewani, inaizunguka migomba yetu usiku na mchana, lakini mgomba hauwezi kuila. Chembe zake huenda mbilimbili, zimeshikana kama mikono ya wazee wanaoagana. Viwanda vya mbolea huziachanisha kwa moto mkali na mgandamizo wa kutisha. Vijidudu hivi vina kimeng'enya, kitendea kazi kidogo mno chenye chuma ndani yake, nacho huziachanisha humohumo kwenye tope, polepole, bila moto wala moshi. Nani alivifundisha? 

Sitakudanganya. Mwalimu anasema shimoni kwetu naitrojeni ipo tele kwenye mkojo na samadi, kwa hiyo vijidudu havihangaiki na ya hewani. Kimeng'enya hicho hukiunda vikibanwa na njaa. Lakini gesi inayowaka kwa Mama haiondoki na chakula cha mgomba. Chakula kinabaki kwenye lile tope, na wewe unakimwaga mtaroni! Mbolea ya ushirika nayo siku hizi haiji. Migomba ina njaa tu, Baba, haijalaaniwa.

Najua utasema mtoto hamfundishi baba yake kulima. Ni kweli. Kwa hiyo sikufundishi, nakuomba, tena kwa desturi yetu: nimemwandikia Mama achume jani la isale mpakani, lile ambalo anayeletewa hakatai ombi wala msamaha, alipige fundo, akukabidhi pamoja na barua hii. Mwagia tope migomba iliyo nyuma ya jiko, na shimo uliache mpaka itoe majani mapya. Yakitoka ya njano, lifukie, sitasema neno.

Nisalimie Bibi, umwambie bado nakula ugali, ingawa unga wa huku ni taabu. Msalimie Shangazi wa Usa River, asiugue mgongo kwa kuinamia maua ya watu, na kaka Nderingo, aliyelichimba shimo lile kwa mikono yake mwenyewe.

Yule jirani aliyesogeza mpaka wa shamba letu alipokuletea isale kuomba msamaha, ulilipokea, ukamkaribisha pombe ya mbege. Na yeye hata si damu yako.

Ni mimi mwanao,
Eliaichi