Kipini kwa Mkubwa, Kichwa kwa Mdogo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne Mama alipokuletea maji ya moto ya kunyolea, akakuta huyahitaji tena. Alisimama na beseni mkononi, kisha akaliweka sakafuni taratibu, kana kwamba umelala na hataki kukuamsha.

Ulikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na minne. Watu wa majengo marefu walikujua kwa sauti kabla ya sura. Mtu akikwama kati ya ghorofa na ghorofa, ulikuwa ukiinama mlangoni na kumwita, "Tulia ndugu yangu, nipo hapa. Hebu niambie, leo umekula nini?" Ukapiga naye soga huku mikono inafanya kazi, mpaka mlango ufunguke. Ulisema lifti inaweza kungoja, ila mtu hafai kuachwa peke yake.

Nyumbani ulikuwa na ugonjwa wako mmoja: mashine za kunyolea za zamani, zile za chuma, za kutia wembe na kukaza kwa kuzungusha kipini. Ulizifukua kwenye meza za mitumba na mapipa ya vyuma chakavu, zina kutu na sabuni iliyogandamana miaka na miaka. Ulizisugua kwa siki na mswaki mkuukuu hadi zikang'aa. Zilifika arobaini na tatu. Jirani alikuuliza una videvu vingapi. Ukamjibu, "Kimoja tu, ila kina wachumba wengi."

Watu walidhani ni mapenzi ya vitu vya kale. Mama peke yake ndiye aliyejua ulikuwa unatafuta nini, na sisi ametuambia mwaka huu.

Siku mliyogawana vitu vya Babu, wewe na mdogo wako mligawana kila kitu kwa amani, hadi mkafika kwenye mashine yake ya kunyolea. Ndiyo iliyowafundisha kunyoa nyote wawili. Wewe ulisema ya mkubwa, yeye akasema ndiye aliyemnyoa mzee hadi siku ya mwisho. Mmoja akavuta huku, mwingine kule, ikafunguka katikati. "Basi kila mtu abaki na chake," ukasema. Ukaondoka na kipini, Baba Mdogo akaondoka na kichwa. Wazee wazima, na hakuna aliyeweza kunyoa hata unywele mmoja kwa alichobeba!

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tulilima miaka kumi na tisa. Na miaka yote hiyo wewe ulitafuta kichwa cha kuingia kwenye kipini cha Babu. Kila mashine uliyoinunua uliifungua kwanza ukajaribu. Ikigoma, ulikichonga kipini kidogo kwa tupa, ukajaribu tena. Kumpigia simu mdogo wako, hilo hukuweza.

Kisha kiharusi kikachukua mkono wako wa kulia. Mama hakuwahi kushika wembe maishani mwake. Asubuhi ya kwanza alikukata chini ya taya, akaanza kulia. Ukamwambia kwa ule mdomo uliopinda, "Umenichinja, mama watoto, na bado hujapata nyama." Akacheka na kulia kwa pamoja. Ukamfundisha: usikandamize, acha uzito wa mashine ufanye kazi, vuta ngozi kwa kidole, fuata ndevu zinakolalia. Kwa miezi saba aliamka alfajiri kila siku kukunyoa, nusu saa nzima, hata siku ambazo hapakuwa na cha kunyoa. Alituambia kwamba katika ndoa yenu yote hamkuwahi kutazamana kwa muda mrefu namna ile.

Katika miezi hiyo alimpigia Baba Mdogo simu mara tatu. "Nakuja, shemeji. Wiki ijayo." Wiki ijayo ilikuwa na wiki ijayo yake. Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla hatujampa mkono.

Alikuja mwezi wa tano baada ya wewe kuondoka. Binti yako ndiye aliyefungua mlango, na hakumtambua: ndevu zilikuwa zimemfika kifuani, hakuwa amenyoa tangu tukuzike. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akatoa leso mfukoni, akaifungua mezani. Kilikuwa kichwa cha mashine ya Babu, kimesuguliwa hadi kinameremeta.

"Nimekileta, shemeji," akasema. "Nilitaka akione."

"Hayupo wa kukiona," Mama akamjibu. Hata hivyo aliinuka, akaleta kipini.

Baba Mdogo alijaribu kuvifunga. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Havikushikana. Binti yako akavichukua akavitazama dirishani, akaona uzi wa skrubu ya kipini umelika wote. Baba, ile tupa yako. Ulikichonga kipini kifuate vichwa vya mashine za watu hadi kikakataa kichwa chake chenyewe. Mzee wa watu aliinamisha kichwa mezani, akalia kama mtoto.

Mama akachemsha maji. Alichukua mashine nyingine kabatini, akapunguza ndevu zile kwa mkasi, akapaka povu, akaanza kumnyoa. Mkono wake ulijua njia. Shavu lile lile, taya lile lile, hata kale kashimo ka kidevu. Alifika nusu ya uso, akasimama. Chini ya povu ulikuwa unatokea wewe.

Aliweka mashine chini, akatoka nje, akasimama ukutani kwenye kamba ya nguo. Binti yako alipomfuata alimkuta anakunja shuka mbichi. "Mwache amalizie mwenyewe," akasema. "Mimi sitaweza."

Baba Mdogo alimalizia mwenyewe. Wakati wa kuaga, Mama alimshika mkono mlangoni. "Shemeji, uje. Uje hata kila wiki. Ila unyoe kwako."

Na anakuja, Baba. Kila Jumapili alasiri. Wanakunywa chai, wanazungumza habari za bei ya sukari na magoti yao, na Mama anamkalisha kiti kisichoelekea dirisha, ili mwanga usimpige usoni. Akiondoka, nyumba inarudi kuwa ilivyokuwa. Sisi tunampigia Mama simu jioni. Anasema ni mzima. Tunajua si kweli, na yeye anajua kwamba tunajua, basi tunaulizana kuhusu mvua.

Tulimwambia ahamie kwa mmoja wetu. Alitusikiliza hadi mwisho, akatukaribisha chai. Kuna mtu alikuja kutaka mkusanyiko wako wote wa mashine. Mama alimwonyesha moja moja, akamweleza ulikoipata kila moja, muda wa saa mbili, kisha akamsindikiza hadi njiani bila kumpa hata moja. Tunadhani alihitaji tu mtu wa kumsikiliza.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao watatu. Na wajukuu wako watano, mmoja wao hukumwona. Na mafundi wenzako wa lifti, ambao bado wakifika kwa aliyekwama humuuliza amekula nini. Na mdogo wako, aliyeomba tumwandike wa mwisho, kwa kuwa, anasema, ndivyo alivyofika.

Tulimsomea Mama maneno haya. Tukamuuliza kama kuna la kuongeza. Akasema, "Mwambieni bado naamka saa ile ile."

Siku zote za maisha yetu, Baba, utakuwa nasi. Hatutakusahau.