Kompyuta Iliyolala Mikononi Mwangu

Moroni, Mei 1999

Mama yangu mpenzi,

Kuna mlio mmoja haujanitoka masikioni: mngurumo wa friji la Bi Zaharia, muuza soda aliyepakana na duka letu la chapa. Nitakueleza kwa nini. Kwanza nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini maumivu ya mgongo yamepungua na mdogo wangu Asmahane hakuachi ubebe ndoo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Fatouma, niliyetakiwa kupanda naye boti, ameshafika huko Nzwani bila mimi, na najua umekasirika. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Uliyosikia kuhusu Moroni ni kweli. Vijana walizunguka mitaani wakiwatafuta Wanzwani, kwa hasira kwamba kisiwa chetu kinataka kujitenga. Mimi nilikuwa juu Mvouni, kwa Roukaya niliyesoma naye. Mama yake alisimama mlangoni akawaambia kwamba humo ndani mna binti zake tu. Mambo yalipotulia kidogo nikarudi kazini, na huko nikakuta balaa la namna nyingine.

Bwana Chanfi, mwenye duka, alikuwa amepata kompyuta mpya kutoka Dubai. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kadi za mwaliko wa ndoa kuu ya mtu wa Ikoni. Wajua mambo hayo: ndoa kuu ndiyo impayo mtu cheo, na ukimtanguliza aliyefanya ndoa kuu juzi mbele ya aliyeifanya zamani, umeutukana ukoo mzima. Basi kila nikifika kwenye jina la mzee nilisimama, nikaenda nyuma kumuuliza Bwana Chanfi cheo chake, tukajadiliana. Nikirudi, skrini imekuwa nyeusi, na Tadjidine, mpwa wake, ameshachomoa plagi kama tufanyavyo sote hapa umeme ukikatika, ili ukirudi kwa kishindo usiunguze mashine. Majina yote yamepotea. Kesho yake ikawa vilevile. Lakini Tadjidine akiandika mwenyewe, mbiombio bila kuinuka, haizimi.

Akaanza kwa utani kusema kwamba hata mashine ikishikwa na Mnzwani inataka kujitenga. Wateja wakacheka. Ndugu wa bwana harusi hakucheka. Alimwambia Bwana Chanfi kuwa binti huyu anaiharibu arusi yao makusudi, na kwamba hataki kunikuta hapo tena. Bwana Chanfi akainamisha kichwa. Nikamwomba mchana mmoja tu.

Nilikaa mbele ya ile kompyuta, mikono mapajani, nikiitazama. Ghafla skrini ikazima. Tadjidine akarukia ukutani. Hapo ndipo nilipolisikia friji la Bi Zaharia likinguruma. Nikaweka kiganja juu ya plagi.

"Usichomoe," nilimwambia. "Umeme upo."

Taa ndogo ya kijani ilikuwa ikipepesa. Mashine haikuwa imezima, Mama, ilikuwa imelala. Ikikaa bila kuguswa inajilaza yenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiacha bila kuigusa, kwa kuogopa kukosea majina ya watu. Nikabonyeza herufi, haikuamka. Nikabonyeza kidogo kitufe cha kuwashia: diski ikazunguka, skrini ikabaki giza. Kwa hiyo maradhi yalikuwa mawili: kulala mapema na kutojua kuamka. Nikaiwasha upya, nikatafuta kwenye mipangilio ya umeme, nikaiamuru isilale kabisa. Kisha nikaandika jina moja, nikalihifadhi, nikawaita wote. Tulikaa tukiitazama kama watu waliomzunguka mgonjwa. Haikulala. Tadjidine akajikuna shingo, akasema, "Basi kumbe si wewe."

Kadi zimechapwa, na kila mzee yuko mahali pake. Bwana Chanfi akaniita pembeni, akanishauri kwa upole nipande boti pamoja na Wanzwani wenzangu, nikae kwako mpaka watu wapoe, kazi nitaikuta. Ni mtu mwema, na maneno yake yalifanana na yako uliponitaka nirudi. Usiku ule niliyageuza kila upande. Nikaona kwamba nikiondoka sasa, watasema mashine ilipona kwa sababu niliondoka. Nataka waione ikifanya kazi nami nikiwa nimekaa mbele yake, leo na kesho, mpaka wachoke kushangaa.

Msalimie Baba, majirani, na jamaa wa Patsy. Mwambie Asmahane nimefurahi kwa posa yake. Na lile fundo la kitambaa alilokukabidhi Fatouma, kama bado hujalifungua, lifungue. Ni ufunguo wa nyumba uliyonijengea mimi mwanao mkubwa niolewe humo. Najua ya mkubwa hapewi mdogo. Lakini nilijua kwamba nikibaki nao mfukoni, kila nitakapotukanwa nitaushika, na siku moja nitaufuata. Mfungulie Asmahane, aolewe humo. Boti ilipong'oa nanga nilikuwa dukani, naandika.

Mwanao akupendaye,
Bouchra