Chupa ya Dola Thelathini

Barabara ya Lincoln,
Zeeland, Michigan.
15 Novemba 2022

Mpendwa binamu Alida,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska, wewe, Vern na watoto. Mgongo unaendeleaje? Kama bado unabeba kuni mwenyewe na mume mzima yupo, basi maumivu umeyataka. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti, ila mdomo ni mzima kabisa.

Barua yako nimeipata, na nimecheka kusikia kwamba wewe na Vern mmenuniana kwa ajili ya chupa moja ya bia. Unaniuliza kama hizi bia zinazotolewa mara moja kwa mwaka zinastahili bei yake. Ungeniuliza wiki mbili zilizopita ningekosa la kukujibu, ingawa kaka yangu Harm ndiye anayezipika.

Unajua hali ya Baba na Harm. Tangu Harm aache kazi kwenye kiwanda cha samani, kazi ambayo Baba mwenyewe alimwombea, akaenda kufungua kiwanda chake kidogo cha bia, mjomba wako hajakanyaga pale. Miaka mitatu! Kanisani wanakaa benchi moja, wanapitishiana peremende wakati wa mahubiri, na hawasemezani. Baba ana miaka sabini na tisa, Alida. Nilikuwa naogopa atakufa hivyo hivyo, kanuna.

Basi Jumamosi Harm alikuwa anatoa bia yake nyeusi, iliyolala mwaka mzima kwenye mapipa ya wiski. Chupa ni chache, na hakuna kuwekewa: unapanga foleni. Nikamwambia Baba gari langu bovu, anipeleke. Gari lilikuwa zima, Mungu anisamehe.

Tulifika kungali giza, na watu wamejipanga hadi barabarani na viti vya kukunja na mablanketi.

“Kuna nini hapa, wanagawa nyumba?” Baba akauliza. Nilipomtajia bei, akacheka kwa dharau. “Dola thelathini! Kwa hela hiyo mimi nanunua kreti nzima ya makopo, na chenji inabaki.” Akabaki ndani ya gari, kawasha joto.

Sasa, foleni hizi zina desturi yake. Kila mtu huja na chupa nzuri kutoka kwao, anaifungua na kuwamiminia wasiomjua. Dereva mmoja wa lori kutoka Indiana, jina lake Lonnie, aliona mzee yuko peke yake, akamgongea kioo.

“Mzee, toka humo, njoo uonje kitu!”

Cha bure Baba hajawahi kukikataa. Punde si punde alikuwa kwenye kiti cha Lonnie, amefunikwa blanketi la Lonnie, anaitukana bia ya Lonnie. “Hii ni bia au kahawa iliyolala?” Watu hoi kwa kicheko.

Lonnie, bila kujua anaongea na nani, akaanza kumsifu Harm. “Huyu jamaa ni wa ajabu. Mwaka jana alimwaga pipa zima mtaroni. Lilikuwa limechacha kidogo tu, sisi tusingejua. Akasema hauzi kitu ambacho hawezi kumpa baba yake.”

Hilo hata mimi sikuwa nalijua.

“Alisema hivyo?” Baba akauliza.

“Nilikuwepo. Huyo baba yake lazima awe mtu mkali kweli.”

“Anajitahidi,” Baba akasema.

Nikamnong'oneza tupite mlango wa nyuma, tumwone Harm. Akanikata jicho. “Wenzangu wamekaa kwenye baridi, mimi nipite nyuma kama nani?” Wenzangu! Nikageuka pembeni nisionekane nikicheka.

Tulipofika kaunta, Harm aliinua kichwa, akaacha kuhesabu hela. Akatamka, “Baba, wewe chukua tu.”

“Nani kakuomba? Nipe moja. Na risiti.”

Nje, Baba akatoa kisu chake na kuanza kubandua nta ya mdomo wa chupa. Lonnie akapiga yowe kana kwamba mtu anachinjwa. “Mzee, usifungue! Hiyo inahifadhiwa miaka mitano ndipo inakomaa!”

“Mitano?” Baba akasema. “Kijana, mimi nimeshapoteza mitatu.”

Akarudi ndani na chupa iliyo wazi, akamwita Harm alete glasi mbili. Walikunywa wima, kando ya mapipa, wateja wakisubiri. Harm alilia. Baba akampa leso, akamwambia bia ina sukari mno.

Mimi pia nilionja. Nikisema kweli, ni bia ya dola kumi na mbili. Lakini mwache Vern anunue, ila asiifungie kabatini kama hao wengine. Ifungueni Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, mkila bata mzinga, na mmalize huko kununa.

Nisalimie watoto na shangazi Hilda. Mama anasema mvae soksi za sufu. Mungu awalinde na barafu.

Baba naye angewasalimu, ila hayupo. Tangu jana anaondoka alfajiri na buti zake za kazi kwenda kwa Harm kuosha mapipa, na kila mteja anayeingia, yeye anamwambia bei ni wizi.

Wako akupendaye bila kupunguza,
Trena