Tanki Bila Ukuta

Baba,

Tulikuzika na wewe hauko. Wazee walisema mtu akipotea kwa maji na mwili ikose kuonekana, yago ndio inalala mahali pake, lile tunda refu la porini. Wakalifunga na blanketi yako wakaliweka kwa kaburi. Pasta akaombea tunda. 

Mdosi wako, mwenye ndege, alikuja na suti. Akashika maiki: "Mzee alijitahidi, lakini mkono ulikuwa umezeeka. Tumsamehe." Watu wakasema amina. Amina! Mama akiwa hapo amekaa chini! Eti ni vile ulichoma chuma za tanki ndio iliangusha ndege.

Mimi nilikuwa na wewe siku zote za hiyo kazi. Ile ndege ya vita ya wazungu, pale tumboni mahali bomu zilikuwa zinakaa, ndio uliweka tanki za kubeba dizeli ya kuuza. Ulikuwa unacheka: "Hii iliua watu, sasa imeokoka." Ukakata mabati, ukagawanya kila tanki ndani na ukuta, ndio dizeli isikimbie yote nyuma ndege ikiinua kichwa. Mdosi akakuja akasema toa hizo kuta, zinakula nafasi ya mafuta. Ukakataa. Akasema mafundi wa kuchoma wamejaa kwa vibanda za Otonglo. Ukatoa.

Halafu siku ya kuruka ukapanda. Nani alikuita? Ukaniambia, "Nimechoma mimi. Siwezi pandisha mtoto wa mtu na mimi nibaki chini."

Baba, hata wewe nimekukasirikia. Si ungekataa kabisa? Si tungekataa wote wawili tuende nyumbani tule samaki? Wamama wa kuanika omena, zile samaki ndogo, waliona ndege ikitoka chini, ikainua kichwa, ikazidi kuinua, halafu ikakalia mkia, ikaingia ziwa. Mmoja aliniambia, "Ilikuwa kama kuku imevutwa mkia."  

Nyumba ya Migosi tumetoka. Mama amerudi nyumbani kijijini, hataki kuona maji, hata ya kuoga nikienda namwekea kwa ndoo iko na kifuniko. Mashini yako ya kuchoma niko nayo.

Jana huyo mdosi alinipigia simu. Amepata ndege ingine kama ile. "Kijana, shika nafasi ya mzee wako. Kazi ni ile ile."

Ile ile, Baba!

Nikamuuliza, na ukuta? Akacheka: "Umeanza mambo ya mzee." Nikasema hapana. Nilisema chini chini, hakusikia. Nikarudia mpaka jirani akatoka nje.

Sasa anatafuta fundi mwingine. Kesho naenda Otonglo, kibanda kwa kibanda, kwa kila mtu anachoma chuma. Unanijua, hata salamu inanishinda. Lakini nitawaambia huyo mdosi alikufanya utoe nini kwa zile tanki, na jina yako nitaitaja nikiwa nimesimama.

Lala, Baba. Hiyo ndege ya pili haitaruka na mtoto wa mtu ndani. Wakinichekelea kibanda ya kwanza, nitaingia ya pili.

Ni mimi, kijana yako.