Mtoto Wangu Yuko Mombasa, na Karatasi Inasema Si Wangu

Mama Sharifa mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu nimeianza mara tatu nikaichana, na leo ni Jumatatu na kufikia Ijumaa kuna kitu natakiwa nikitie sahihi na sina mtu wa kumwuliza.

Mimi ni Raheli, nina miaka thelathini na tisa, ni afisa ugani hapa Lushoto, kazi yangu ni kuzunguka kwa wakulima wa kabichi na karoti. Mume wangu anaitwa Mwadime, ni Mkenya, Mtaita, fundi wa makontena ya baridi Mombasa, tulifunga ndoa kanisani huku kwetu miaka tisa iliyopita na tumeishi kwa kufuatana, mara yeye apande, mara mimi nishuke. Mwaka wa tatu wa ndoa nilipoteza mimba ya miezi saba, na ili niokoke madaktari wakaondoa kizazi. Mama, sijui kama unajua inavyokuwa ukiwa na kila kitu cha kumpata mtoto isipokuwa mahali pa kumweka. Baadaye tuliambiwa Mombasa kwamba mayai yangu bado ni mazima, kwamba yanaweza kuunganishwa na mbegu ya mume wangu na mwanamke mwingine akatubebea mimba, na wifi yangu akatupeleka kwa rafiki yake Zainabu, mjane wa Likoni mwenye watoto wawili, mtu wa kucheka kwa sauti, naye akafikiri wiki nzima kisha akakubali.

Marta amezaliwa mwezi wa nne, tumempa jina la mama yangu, ana masikio yangu haya yaliyojitokeza ambayo shuleni walinitania nayo, na sasa ana miezi minane.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Siku ya pili niliingia wodini nikamkuta Zainabu anamnyonyesha, na mtoto aliyelia usiku kucha mikononi mwangu alikuwa ametulia tuli. Nilimwita muuguzi nikasema mtoto aanzishiwe chupa. Zainabu alifunga vifungo vya gauni lake akaninyooshea mtoto, akasema, "Haya, mama Marta, mchukue mwanao." Ndiye mtu wa kwanza duniani kuniita hivyo. Tulipoagana aliomba kitu kimoja tu, "Uwe unanitumia picha, hata moja moja," nikasema nitatuma, na wiki ya tatu nikaifungia namba yake kwenye simu asiweze kunipata tena. Nilimwogopa, Mama Sharifa. Nilijiambia akimwona mtoto atamtaka.

Likizo yangu ya mwaka ilipokaribia kwisha (ya uzazi sikuweza kuiomba, ningeonyesha kadi gani ya kliniki?) mimi na mume wangu tukamchukua Marta tuje naye nyumbani. Mpakani Horohoro ofisa akaangalia cheti cha kuzaliwa, akaniangalia mimi. "Mama wa mtoto ni nani hapa?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Cheti kinasema mama ni Zainabu." Kweli hospitali iliandika jina la aliyejifungua, ndivyo wanavyofanya, na sisi kwa furaha hatukuuliza. Akaomba barua ya idhini ya Zainabu. Hatukuwa nayo. Nilianza kupiga kelele, nikamwambia angalia masikio yake, na yule kijana hakuwa mkali hata kidogo, alisema, "Mama, mimi sisemi huyu si mtoto wako. Nasema karatasi haisemi hivyo, na watoto wanaibwa." Mume wangu akarudi naye Mombasa kwa mama yake. Mimi nikapanda gari la Tanga peke yangu, na blanketi lake nilikuwa nimelishika mkononi nikasahau kuwapa.

Sasa namwona kwenye simu kila jioni. Analamba kioo. Juzi alisema "mama" kwa mara ya kwanza akimtazama bibi yake, na mama mkwe akaigeuza simu haraka kwangu, "Anakuita wewe huyo!" Alidanganya kwa huruma, na mimi nikacheka, tulipokata simu nikakaa jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Na mama yangu yuko Vuga, magonjwa ya uzee yamemwandama, naye, baada ya kumkwepa miezi mingi asilitafute tumbo langu, nilimwambia kwa simu kwamba nimejifungua mwenyewe huko Mombasa. Aliimba, Mama Sharifa. Alinyamazisha majirani niisikie sauti yake. Ananiita mndee mpaka leo kama vile bado ni msichana, na kila nikienda anauliza, "Mndee, mtoto analetwa lini?" nami nasema baridi imezidi, ngoja jua lirudi. Ameshafuma masweta mawili. La kwanza limekuwa dogo kabla halijavaliwa.

Binamu yangu Mika wa Mazinde ndiye ameleta fomu. Anasema tutaandika Marta amezaliwa nyumbani Vuga kwa mkunga wa jadi, yeye atapata barua na mashahidi, mtoto atakuwa Mtanzania mara moja, na mume wangu atamvusha kwa njia za porini. Anasema, "Dada, si unamdanganyia mtoto wako mwenyewe? Kosa liko wapi?" Mume wangu hajui. Fomu iko mezani, imebaki sahihi yangu. Nikifumba macho namwona Marta amekaa mapajani mwa mama. Nisaini? Au kuna njia nyingine ambayo mtu kama mimi hajaambiwa? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Raheli, Lushoto


MAJIBU

Marahaba, Raheli. Nimeisoma mpaka mwisho, na nimekukasirikia kweli, ila si pale ulipodhani.

Kwa kuwa ulitaja Ijumaa sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia Jumatano, na haya ninayowaandikia wasomaji umeyaruhusu.

Kwanza fomu. Usisaini. Ukisema Marta alizaliwa Vuga utakuwa na mtoto mmoja mwenye vyeti viwili vya nchi mbili, kila kimoja na mama yake, na siku atakapoomba pasipoti atajikuta anajibu kosa alilotendewa akiwa hajaota meno. Na hizo njia za porini ndizo wanazopita wezi wa watoto. Utamweka mumeo katika kundi hilo? Mwambie Mika asante, kisha choma fomu, nawe uwe umesimama pale ikiungua.

Pili, ulidhani Utanzania wa mtoto wako ni kitu cha kununua kwa uongo. Nimemwuliza wakili wa Tanga. Sheria yetu inamtambua mtoto aliyezaliwa nje ikiwa baba au mama yake ni raia wa kuzaliwa. Mlango upo, Raheli! Tatizo ni kwamba walioandika sheria hiyo hawakumfikiria mama wa namna yako, kwa hiyo ni wewe utakayethibitisha kwamba ndiwe mama yake. Kazi inaanzia Mombasa: wakili wa kule, kipimo cha vinasaba kwako na kwa mtoto, ombi mahakamani mtambuliwe kuwa wazazi. Uamuzi ukipatikana ndipo mwende Uhamiaji huku kwetu na karatasi za kweli. Sikuahidi muda wala sikuahidi kwamba kila ofisa ataelewa mara ya kwanza. Na mtu asikushawishi uufute Ukenya wake, ni haki aliyopewa na baba yake. Kwa sheria ilivyo leo atachagua akifika miaka kumi na minane, na atachagua mwenyewe.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Katika njia hii yote kuna mtu ambaye bila kiapo chake hakimu hatakusikiliza, naye ulimfungia simu. Mwanamke alikubebea mimba miezi tisa, akakupa mtoto mkononi, akakupa na jina la umama, akaomba picha! Unasema ulimwogopa. Mimi nasema ulimwonea wivu, na wivu wa mwanamke aliyetolewa kizazi naujua, sikucheki. Mtoto aliyenyamaza kifuani kwake hakukukataa wewe. Alikuwa na siku mbili duniani na ile ndiyo sauti pekee aliyoizoea. Ungeweza kukaa pembeni ya kitanda kile mkamtazama wote wawili. Ulichagua kufunga mlango, na mlango huohuo ndio uliokugonga usoni Horohoro.

Siku ile ya Jumatano nilikwambia umpigie Zainabu kabla hujala. Ulinipigia baada ya nusu saa, sikusikia maneno, nilisikia kilio tu. Nilidhani amekutukana. Kumbe alipopokea na kuisikia sauti yako hakuuliza ulikuwa wapi. Aliuliza, "Ameshaota jino?" Ulipoanza kuomba radhi alikukatiza, "Radhi utaniomba ukija. Jino ameota au hajaota?" Kiapo atakiapa. Amekwambia alikuwa anapita mara kwa mara mtaa wa mama mkwe wako akiogopa kugonga.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinibishie.

Kesho kabla ya kwenda ofisini panda gari la Vuga. Mwambie mama yako yote, kuanzia mimba ya miezi saba ambayo najua hukuwahi kumsimulia vizuri. Atalia, huenda akanuna siku mbili. Lakini mzee anayezidiwa asiachwe akingojea jua lirudi, na jua limesharudi mara tatu. Mwonyeshe mtoto kwenye simu siku hiyohiyo, aone masikio. Ukikosa maneno nipigie nikiwa kazini, nitazungumza naye.

Mwambie na mumeo habari ya Mika, leo, asije akaisikia mahakamani.

Kisha nenda kwa mkuu wako wa kazi uombe likizo bila malipo. Sijaona mahali popote panaposema lazima ungojee karatasi ukiwa Lushoto. Wewe una pasipoti, Mombasa si mbali, mtoto yuko hai na anajifunza kusema. Mtaa mzima wa Mombasa haukuulizi cheti ukimwogesha mwanao. Kabichi za Lushoto zitaota bila wewe, wakulima wetu wanajua kazi yao.

Na ukifika, kabla ya wakili, kabla ya maabara, vukeni na Marta mwende Likoni. Mpe Zainabu mtoto ambebe. Kaa hapo hapo, na usimwombe akurudishie. Mtoto akikutaka atalia, nawe utamsikia.