Salamu za Mama Kwenye Upande wa Kwanza

Jumatatu, 3 Juni 1991
Nimefungua kibanda saa mbili. Redio tatu za watu zinangoja kutengenezwa, zote nimezisukuma pembeni. Wimbo wa sita umekamilika. Ni esid hausi, muziki wa disko za ng'ambo: ngoma za mashine, na besi inayolia kama chura. Vyombo ni mtumba, nimevifufua mwenyewe. Albamu yangu ya kwanza, yote kwenye kaseti moja. Nimevunja vijino vyake isirekodiwe tena. Jumamosi Shemdoe, muuza kaseti wa Soni, anaipeleka Tanga kunakiliwa. Safari nyingine hajui lini.

Jumatano, 5 Juni
Mama amerekodi juu yake. Barua ya sauti kwa dada aliyeolewa Mtae. Matundu ya vijino ameyaziba kwa karatasi, kama tunavyofanya nyumbani kwa kila kaseti. Mimi ndiye niliyemfundisha. "Nilijua ni ile ya kujaribia redio mbovu, mwanangu." Hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe. Wimbo wa kwanza karibu wote umekwenda. Sikula.

Alhamisi, 6 Juni
Besi ile niliipata kwa kuzungusha vifundo vya mashine kwa mkono, hairudi. Nimejaribu mara tisa. Umeme umekatika mara mbili. Nina hasira na mama, na naona aibu kuwa na hasira na mama. Siachi.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya swala nimesikiliza barua yake. Maharage, baridi, kikohozi cha shangazi. Mwishoni hajui kuzima, anapumua tu, halafu ngoma zangu zinaingia. Sijawahi kuzipanga vizuri hivyo.

Nimemwomba sauti yake ibaki kwenye albamu. Kauliza nani watasikiliza. Watu nisiowajua, nikasema. Amekataa: hawezi kuwaambia wageni habari za kikohozi bila kuwasalimu kwanza. Basi tumerekodi upya mwanzo wote. Salamu yeye, amekaa wima, mtandio kaufunga vizuri. Besi nimeipiga mara moja. Si ile. Inatosha.

Jumamosi, 8 Juni
Soni. Shemdoe kaijaribu kwenye spika ya dukani kabla ya kupanda basi. Mama akasikika sokoni kote: "Hamjambo wanangu. Wakubwa zangu, shikamooni." Mzee mmoja akatua tenga lake la kabichi, akaigeukia spika. "Marahaba." Ngoma zikaingia. Akabaki. Mtu akishaitikia salamu haondoki kabla ya kusikia habari.

Alasiri nimerudi kibandani. Nimeanza na redio ya kwanza.