Mlango wa Bafu la Mama

Ruharo, Mbarara
9 Juni 2024

Kaka Bienfait mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, Sonia na watoto mko wazima huko Kanada, na kwamba baridi imewaachia kidogo. Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mimi nimechoka tu.

Barua hii nimeituma pamoja na faili la kompyuta la mchoro wa nyumba ya Mama kule kambini Nakivale. Simu zangu hupokei, ila faili najua utalifungua.

Nianze na kazi. Kwenye mchoro ule niliweka mtindo mmoja wa vipimo, nikauita NAKIVALE: sentimita, namba kubwa, ili fundi Byamungu asome bila miwani. Ukiubadili mtindo mahali pamoja, vipimo vyote vinafuata; ndiyo raha yake. Lakini kila ukinirudishia faili nakuta mitindo yako mingine: VIPIMO-MPYA, VIPIMO-MPYA-2, VIPIMO-MPYA-KABISA, yote kwa inchi za huko kwenu. Byamungu alijifunza ujenzi Bukavu, na kwake namba ikikaa peke yake ni sentimita, basi. Nachora nyumba za watu ofisini kutwa nzima, kisha nikirudi nyumbani nakaa tena kufuta inchi zako. Kaka, macho yananiuma.

Inchi nazimudu. Kilichotuumiza ni mlango wa bafu. Mara ya kwanza uliandika 70, sentimita, kwa mkono wako juu ya kipimo, ukaifunika namba ya kompyuta. Baadaye Mama akapata kiharusi, nawe ukaupanua mlango kwenye mchoro ili kiti chake cha magurudumu kipite. Ulifanya vizuri. Mstari ulisogea hadi tisini, ila namba iliyoandikwa kwa mkono haisogei na mstari. Ilibaki 70, na mimi nikachapa bila kuiona. Byamungu akajenga sabini. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Dada Pascaline, miye nilifwata chiffre," yaani namba iliyoandikwa. Simlaumu.

Siku tulipomrudisha Mama Nakivale kutoka hospitali, kiti kilikwama pale mlangoni. Byamungu akachukua nyundo papo hapo. Mama akamzuia.

"Musibomowe ule mulango," alisema. "Ni Bienfait njo alichora vile. Yeye anajua."

Nimembembeleza, mchungaji amembembeleza, hataki. Kwa hiyo anaogeshwa uani, nyuma ya shuka tulilolifunga kwenye kamba, na watu wanapita njiani. Siku za kazi anaogeshwa na jirani yetu Mrundi, Mama Ancilla. Jumamosi napanda boda kwenda kushika zamu yangu. Unamjua Mama, hata sisi wanawe hakupenda tumwone bila kitambaa kichwani. Sasa anafumba macho mpaka nimalize. Nimekukasirikia sana, nisikufiche.

Faili nimelisafisha. Mitindo ya ziada nimeifuta, hakuna tena namba ya mkono, na mlango unasoma 90. Tafadhali usiliguse. Najua unachora kwa sababu uko mbali na mikono yako haina kingine cha kumfanyia, lakini kuchora kumekwisha.

Najua pia kwa nini hupigi simu. Mara ya mwisho ulisikia ulimi wake mzito ukalia, ukakata. Bado anaongea polepole, maneno mengine yanampotea. Jina lako halijampotea.

Byamungu na Mama Ancilla wanakusalimu, na shangazi Apolline anasema watoto wasisahau Kiswahili. Mungu awafunike nyote kwa amani yake.

Jumamosi asubuhi nitakuwa Nakivale, nimeketi karibu naye, simu mkononi. Piga. Mwambie kwa sauti yako kwamba ule mlango ulikosewa, ubomolewe. Sisi wengine Mama hatusikii, Kaka. Ni wewe tu unayeweza kumwingiza mama yetu ndani akaoge.

Mdogo wako, akupendaye hata akiwa amenuna,
Pascaline